Eldoret ilipata hadhi ya jiji bila kofia ya meya

Na MWANDISHI WETU

MJI wa Eldoret ulipandishwa hadhi na kuwa jiji la tano nchini Kenya mnamo Agosti 15, 2024, Rais William Ruto alipokabidhi hati rasmi ya jiji hilo. Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru ndiyo majiji yaliyotangulia. Kwa mkazi wa makamo aliyezikumbuka sherehe za mabaraza ya miji ya zamani, kitu kimoja kilikosekana siku hiyo. Hapakuwa na meya wa kusimama mbele ya umma akiwa na joho, mkufu na kofia ya cheo chake.

Hakuwepo kwa sababu cheo chenyewe hakipo tena katika sheria za Kenya. Kilifutika baada ya Uchaguzi Mkuu wa Machi 4, 2013, serikali za kaunti zilipoanza kazi na mabaraza ya majiji, manispaa na miji yakafikia kikomo. Watoto waliozaliwa Eldoret tangu wakati huo wanamjua gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wadi. Meya wanamsikia tu katika hadithi za wazazi wao, au katika habari za miji ya nchi nyingine.

Huenda msomaji akauliza kofia ina uzito gani hata iandikiwe makala. Barabara haijengwi kwa kofia, wala taka haziondolewi sokoni kwa joho. Hayo ni kweli. Hata hivyo, vazi la cheo limekuwa na kazi moja ambayo si rahisi kuipatia mbadala: humwonyesha mwananchi wa kawaida, hata yule ambaye hajawahi kufungua kitabu cha sheria, ni nani anayepaswa kuulizwa. Tukiielewa kazi hiyo, tutaelewa pia ni nini hasa Eldoret ilipoteza ilipoagana na umeya, na ni nini haikupoteza.

KILEMBA NA UKOKA

Lugha yetu yenyewe ni shahidi kwamba kinachovaliwa kichwani si jambo dogo. Kofia, tarbushi na taji ni maneno yaliyotufikia kupitia Kiarabu. Chapeo, ambayo wengine huiita chepeo, tuliachiwa na Wareno. Kila mgeni aliyekuja kutawala pwani hii alikuja na vazi lake la kichwani, na jina lake likabaki hata mwenyewe alipoondoka.

Katika miji ya Waswahili kilemba kilikuwa vazi la watu wenye dhamana: kadhi, sheikh, liwali na wazee wa mji. Nchini Oman, ukoo wa Al Busaidi, ambao ndio uliotoa masultani waliotawala Zanzibar hadi Januari 1964, una aina yake ya kilemba yenye rangi na mistari inayoutambulisha. Mtu hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyeketi mbele yake. Alitazama tu kichwani.

Neno kilemba lina maana nyingine inayostahili kuangaliwa. Ni ada apewayo fundi au mwalimu mwanafunzi anapohitimu, na katika desturi za ndoa za pwani ni sehemu ya malipo ya heshima kwa wakuu wa bibi harusi. Maana yake ni kwamba kilemba hutolewa na wengine, tena hutolewa kwa sababu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Fundi hawezi kujivika kilemba chake mwenyewe.

Kinyume cha hicho ni kilemba cha ukoka. Anayevishwa kilemba hicho husifiwa kwa uwongo, akapewa utukufu usio na msingi. Ukoka ni nyasi, na nyasi zilizofungwa kichwani huchekesha badala ya kuheshimisha. Wahenga walijua kwamba kofia yaweza kusema kweli na yaweza kudanganya. Kipimo hicho cha kilemba cha haki na kilemba cha ukoka ndicho tutakachotumia kuzipima kofia nyingine zilizopita Eldoret.

KOFIA ILIYOTOKA LONDON

Mavazi ya mameya wa Kenya yaliletwa na Waingereza, na asili yake ni mabaraza ya miji yao. Jijini London desturi hiyo ingali hai. Kila Novemba meya mpya wa eneo la kale la jiji hilo hupokea cheo katika ukumbi wa Guildhall, katika hafla inayojulikana kama Sherehe ya Kimya. Meya mpya akishatamka kiapo chake, mambo mengine yote hufanyika bila neno kusemwa. Anayeondoka huvua kofia yake yenye pembe tatu, na anayeingia huvaa yake. Hapana hotuba wala shangwe. Kwa tendo hilo moja watu wote ukumbini hujua mamlaka yamehama.

Katika msafara wa meya huyo yumo mbeba upanga anayevaa kofia kubwa ya manyoya. Ndani ya kofia hiyo mna mfuko mdogo ambamo, kwa desturi, huwekwa ufunguo wa muhuri. Wazee wa London walijua walichokuwa wakifanya. Kofia ilificha ufunguo, na ufunguo ulifungua mahali pa muhuri uliotia nguvu maamuzi. Aliyeiona kofia alijua kwamba chini yake pana kitu cha kutolewa hesabu.

Somo la sherehe hiyo ni kwamba kofia ni ya cheo, si ya mtu. Meya huondoka, lakini umeya hubaki na kupewa mwingine. Ndiyo maana mavazi ya aina hiyo hufanana mwaka hadi mwaka, na hakuna anayetarajiwa kuyashona upya kwa kupenda kwake.

Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na ukoloni. Nairobi ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji mnamo Machi 30, 1950 kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza. Katika miaka hiyo joho la meya lilivaliwa na Wazungu pekee. Ndiyo sababu mwaka 1962, Charles Rubia alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, na mwaka 1965, Grace Onyango alipokuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meya nchini, mjini Kisumu, wananchi hawakuhitaji maelezo marefu. Mavazi ya cheo kilekile yalikuwa yamehamia kwa watu ambao hadi majuzi walinyimwa hata haki ya kupiga kura ya kuwachagua madiwani.

KUTOKA SISIBO HADI MANISPAA

Eldoret nayo ilianza kama mji wa walowezi. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 wakiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Afisi ya posta ilipofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, wenyeji waliligeuza jina la Kiingereza la nambari hiyo likawa Sisibo, jina ambalo wazee wengi wangali wanalikumbuka. Jina la Eldoret, lenye asili ya neno la Kimaasai la mto wenye mawe, lilianza kutumika rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924.

Mji ulipokua na kufikia kuwa na baraza la manispaa, utaratibu wake ulikuwa ule wa mabaraza mengine nchini. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, meya hakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Alichaguliwa na madiwani wenzake. Aliongoza vikao, aliwapokea wageni na kuuwakilisha mji katika sherehe. Kazi za kila siku, yaani kuandika barua, kusimamia wafanyakazi na kushika vitabu vya fedha, zilikuwa chini ya karani wa baraza. Juu ya wote hao alikuwepo Waziri wa Serikali za Mitaa, aliyekuwa na uwezo wa kuteua baadhi ya madiwani na hata kuingilia maamuzi ya baraza.

Kwa maneno mengine, aliyevaa kofia hakuwa mwenye nguvu kuliko wote. Historia ya Nairobi inalithibitisha hilo. Mwaka 1983 serikali iliuondoa uongozi wa baraza la jiji na kuweka tume ya watu walioteuliwa, iliyoendesha mambo hadi 1992. Kwa karibu miaka tisa jiji kuu la Kenya halikuwa na meya, na hakuna kura ya wakazi iliyoombwa.

Hata hivyo, wananchi walimtambua meya kuliko walivyomtambua karani. Bomba likipasuka, soko likijaa taka au vioski vikibomolewa usiku, lawama ilimwendea aliyevaa mkufu. Pengine hakuwa na uwezo wa kulitatua jambo lenyewe, lakini alikuwa na uso unaojulikana na mlango unaojulikana. Hilo lilikuwa na faida yake. Serikali isiyo na uso haina pa kubishiwa hodi.

KOFIA YA DISII

Pembeni mwa kofia ya meya palikuwa na kofia nyingine, ambayo kwa mwananchi wa mashambani ilikuwa ya kutisha zaidi. Hiyo ni ile chapeo ngumu yenye ukingo mpana iliyovaliwa na maafisa wa utawala wa mikoa.

Kofia hiyo ilianzia Bara Hindi, ambako ilitengenezwa kwa moyo mwepesi wa mmea unaoota majini. Wazungu waliamini kwamba jua la nchi za joto lingewadhuru wasipofunika vichwa vyao vilivyo. Waliivaa Asia, kisha Afrika, na polepole ikaacha kuwa kinga ya jua ikawa alama ya kutawala. Mkuu wa wilaya alipofika kwenye baraza akiwa nayo, watu walijua kwamba amri imefika pamoja naye: kodi, kazi ya lazima au kuhamishwa ardhi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 chapeo haikuondoka na mkoloni. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na maafisa wa tarafa Waafrika waliendelea kuivaa kwa miongo mingi pamoja na sare za kaki, hasa katika sikukuu za Madaraka na Jamhuri, walipowasomea wananchi hotuba ya Rais.

Hivyo basi, katika jukwaa la sherehe mjini Eldoret kulikuwa na mamlaka mawili yaliyoketi karibu karibu. Cheo cha meya kilitoka chini: wananchi waliwachagua madiwani, nao madiwani wakamchagua meya. Cheo cha disii kilitoka juu: Rais aliteua, na aliyeteuliwa aliweza kuhamishiwa wilaya nyingine kwa tangazo la redio. Mavazi yao yalikuwa somo la uraia lisilohitaji mwalimu. Mtu alijua ni nani anayemwakilisha yeye, na ni nani aliyetumwa kwake.

JAMII ISIYOKUWA NA TAJI

Kabla ya kofia hizo mbili kufika, wenyeji wa uwanda huo na vilima vinavyouzunguka walijitawala bila mfalme wala taji. Miongoni mwa Wakalenjin, mambo ya ujirani yaliamuliwa katika kokwet, baraza la wazee waliokutana chini ya mti. Uzito wa mtu ulitokana na umri, hekima ya kusema na rekodi ya uadilifu wake. Aliyenena vizuri alisikilizwa, na aliyepotosha alipoteza nafasi yake bila kuvuliwa kitu chochote.

Wanandi walikuwa na Orkoiyot, kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai. Alama zake mashuhuri zilikuwa fimbo. Koitalel arap Samoei, aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliuawa mnamo Oktoba 19, 1905 na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Muuaji alichukua fimbo za kiongozi huyo zikaenda Uingereza, na tatu kati yake zilirejeshwa Nandi mwaka 2006, miaka 101 baadaye. Mkoloni aliyeleta ishara zake za mamlaka alitambua vyema thamani ya ishara za wengine.

Ipo pia heshima ya kichwani na shingoni ambayo Eldoret inaijua kuliko mji mwingine wowote duniani. Ni sinendet, mmea wa kutambaa ambao Wakalenjin huusokota na kumvisha mtu katika sherehe za jando, za ndoa na za ushindi. Wanariadha wanaporudi na medali hupokewa kwa sinendet na kwa mursik, maziwa ya mala yaliyohifadhiwa katika kibuyu. Tangu enzi za Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968 jijini Mexico na mwaka 1972 jijini Munich, mabingwa wengi wa eneo hili wamepokewa nyumbani kwa heshima hizo.

Sinendet ni mmea, na kwa hiyo hunyauka. Baada ya siku chache hubaki majani makavu. Bingwa akitaka kuvishwa tena hana budi kurudi kwenye mazoezi alfajiri na kushinda tena. Ukoka nao ni nyasi zinazokauka, lakini tofauti ni kubwa: ukoka huvishwa mtu ambaye hakufanya kitu, sinendet huvishwa mtu ambaye kazi yake imeonekana na kila jicho.

Kanuni hiyo ya heshima inayotafutwa kwa jasho haipatikani Bonde la Ufa pekee. Mashariki mwa Kongo, miongoni mwa Walega, kuna chama cha Bwami chenye ngazi za wanaume na wanawake. Kofia ya mwanachama huonyesha ngazi aliyofikia, na zile za ngazi ya juu kabisa, iitwayo kindi, hupambwa kwa singa za mkia wa tembo. Ili kupanda, mtu hujifunza methali na mafunzo mengi, hutoa mali, huungwa mkono na jamaa zake na kuonyesha mwenendo mwema. Mali pekee haitoshi.

KICHWA KIMOJA, KOFIA NYINGI

Kenya huru ilizirithi kofia za namna zote, na viongozi wake walijua kuzitumia. Mzee Jomo Kenyatta, Mkikuyu wa Kiambu, alizoeleka katika picha akiwa na ogut tigo, kofia ya shanga ya Waluo. Jaramogi Oginga Odinga naye aliivaa. Wawili hao walipoonekana pamoja, kofia zao zilisema kwamba jamii mbili kubwa zilikuwa zimeungana. Lakini kofia haiwezi kubeba peke yake mzigo wa siasa. Mwaka 1966 Jaramogi alijiondoa serikalini na kuunda chama cha KPU, na muungano ule ukavunjika.

Zipo pia kofia ambazo viongozi walijirundikia. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na ambacho makao yake ni Kesses, nje kidogo ya Eldoret, kilikuwa kama vyuo vikuu vingine vya umma: mkuu wake alikuwa Rais wa nchi. Rais Daniel arap Moi ndiye aliyevaa joho na kofia ya mahafali na kuwatunuku wahitimu wa vyuo vyote hivyo. Utaratibu huo ulibadilika mwaka 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, na mwanahistoria Bethwell Ogot akateuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi. Kofia ilimtoka mwanasiasa ikamwendea msomi, na wanafunzi wakaelewa tofauti.

Katika miaka ya karibuni imekuwa kawaida wanasiasa kuvishwa ngozi na kofia za kiasili na wazee, wakatangazwa kuwa wasemaji wa jamii nzima. Justin Muturi, aliyekuwa Spika wa Bunge la Kitaifa, alitawazwa hivyo mnamo Mei 2021 katika eneo takatifu la Mukurwe wa Nyagathanga, Murang'a, kuwa msemaji wa eneo la Mlima Kenya. Viongozi wengine wa eneo hilohilo walipinga. Eldoret nayo imeona sherehe za namna hiyo. Swali la kuuliza ni lile la wahenga: je, waliomvisha walipewa ruhusa na nani, na anavishwa kwa kazi gani aliyoifanya?

Kwa upande mwingine, kuna kofia zilizopata heshima bila sherehe yoyote. Raila Odinga hakuwahi kuwa Rais, lakini kofia zake zilijulikana kila pembe ya nchi. Alipofariki Oktoba 15, 2025 nchini India, kofia yake ilisafirishwa pamoja na mwili na kukabidhiwa mjane wake, Mama Ida. Waombolezaji hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Hata hivyo, kofia ya namna hiyo ni ya mtu. Haiwezi kurithiwa kama ya meya, na atakayeivaa ataonekana tu amevaa kofia ya mwenzake.

KUVUA KOFIA HAKUONDOI CHEO

Katiba ya mwaka 2010 ilileta msimu wa kuvua. Mwaka 2011 Jaji Mkuu Willy Mutunga aliachana na zile nywele bandia za majaji zilizorithiwa kutoka Uingereza. Mahakama haikupungukiwa na nguvu kwa hatua hiyo. Umeya nao ukafutika 2013.

Lakini vita vya ishara havikwisha. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia magavana kupeperusha bendera ya taifa kwenye magari yao. Magavana walilalamika, na mjadala ukadumu kwa miezi. Ulikuwa, kwa kweli, mjadala wa kofia uliohamia kwenye boneti ya gari: nani aonekane mkubwa, na kwa macho ya nani?

Majirani wetu nao wanatoa fundisho. Tanzania ingali na mameya wanaovaa majoho na mikufu. Nchini Uganda, sheria ya jiji la Kampala iliyoanza kutumika mwaka 2011 iliweka meya mkuu anayechaguliwa na wakazi wote wa jiji, pamoja na mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais na kusimamia fedha na wafanyakazi. Kwa miaka kadhaa Erias Lukwago, aliyeshinda kura, na Jennifer Musisi, aliyeshika utendaji, walivutana hadharani. Wakazi walikuwa na meya mwenye joho, lakini ufunguo wa muhuri ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Kofia bila ufunguo ni kilemba cha ukoka, hata kama imeshonwa kwa nyuzi za dhahabu.

NANI ANAULIZWA ELDORET?

Turudi sasa Uasin Gishu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ndiyo inayoongoza majiji yaliyo ndani ya kaunti. Ilirekebishwa mwaka 2019, na kiwango cha idadi ya watu wanaohitajika ili mji uwe jiji kikashushwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Sensa ya mwaka huohuo iliipa Eldoret watu 475,716. Chini ya sheria hiyo, jiji husimamiwa na bodi na meneja kwa niaba ya serikali ya kaunti.

Hapa pana tofauti ambayo wengi hawajaizingatia. Nairobi na Mombasa ni majiji ambayo pia ni kaunti. Gavana wao huchaguliwa na watu wa jiji, na kwa vitendo ndiye aliyerithi nafasi ya meya. Eldoret, kama Kisumu na Nakuru, ni jiji lililo ndani ya kaunti kubwa zaidi. Gavana wa Uasin Gishu huchaguliwa pia na wakulima wa mahindi na ngano wa Moiben, Ziwa na Burnt Forest, na hana budi kuwatumikia wote. Wawakilishi wa wadi huchaguliwa kila mmoja na wadi yake. Meneja na bodi hawapigiwi kura na wakazi wote. Kwa hiyo, jiji zima halina hata mtu mmoja aliyechaguliwa kuliongoza kama jiji.

Mkazi mwenye shida basi hana budi kujua mengi. Maji na mabomba ya maji taka ni ya kampuni ya ELDOWAS. Barabara fulani ni za mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, nyingine ni za kaunti. Usalama na machifu wako chini ya Kamishna wa Kaunti, aliyetumwa na serikali ya kitaifa. Masoko, taka na vibali vya biashara ni vya kaunti na bodi yake. Mama mboga ambaye mtaro mbele ya kibanda chake umeziba anaweza kupita afisi tatu kabla ya kujua aliyepaswa kumwendea, na siku ya kuuza imekwisha.

Si haki kusema kwamba zamani mambo yalikuwa bora kwa sababu tu kofia ilikuwepo. Mabaraza ya miji yalikuwa na sifa mbaya ya madeni, upendeleo na makarani wasioguswa. Meneja aliyesomea kazi yake anaweza kuusimamia mji vizuri zaidi kuliko diwani aliyepata umeya kwa hila za usiku mmoja. Kurudisha joho na kofia pekee kungekuwa kulipamba jiji kwa ukoka.

Kinachohitajika ni kurudisha kazi ambayo kofia ilikuwa ikiifanya. Sheria yenyewe imeweka njia: inataka wakazi wa jiji wawe na mabaraza yao ya kukutana na wasimamizi, kupata taarifa, kutoa maoni na kuuliza maswali. Mabaraza hayo yakifanywa kwa tarehe zinazojulikana, kwa lugha inayoeleweka, mwenyekiti wa bodi na meneja wakiwa wamekaa mbele bila kutuma wasaidizi, mkazi atakuwa amepata uso na mlango. Orodha ya nani anashughulikia nini, ikibandikwa sokoni na kwenye steji ya matatu, itafanya kazi kubwa kuliko mkufu wa dhahabu.

Nao wakazi wana wajibu wao. Meya aliulizwa kwa sababu watu walizoea kumuuliza. Mwenyekiti wa bodi asiyejulikana kwa jina hatasumbuliwa na mtu, na asiyesumbuliwa hulala. Cheo ni dhamana, na dhamana hudaiwa na mwenyewe aliyeiweka. Katika jiji la Eldoret mwenye dhamana ni mkazi, na hakuna sheria iliyomvua nafasi hiyo mwaka 2013 wala 2024.